Televizyo ku ukuta wa plako: tafuta chuma mbele ya kutoboa

Zamani katika miji yetu, Goma, Bukavu ao Lubumbashi, ukuta ulikuwa ukuta: matofali, bloki za simenti, mawe ya volkano, ao mbao zenye kupigiliwa misumari. Mutu mwenye alitaka kutundika kitu alichukua musumari na nyundo, kazi imeisha. Leo kuko ukuta wa namna ingine, zaidi katika mabiro, mahoteli, kliniki na nyumba za etaje zenye wenye nyumba wanagawanya vyumba juu ya kupangisha. Ni ukuta wa plako. Kwa macho unafanana na ukuta wa simenti: mweupe, laini, umepakwa rangi. Lakini ukiugonga na kidole, unalia kama ngoma.

Ku ukuta wa vile, televizyo haiwekwe sawa vile ku matofali. Na kuanguka kwa televizyo si hasara ya dolare tu. Televizyo ya puse 55 iko na kilo 15 hivi. Ikitoka ku kimo cha metre moja na nusu na mutoto amekaa chini yake juu ya kuangalia katuni, ile si hesabu ya televizyo tena, ni jambo la hospitali. Tena hapa Kivu udongo wenyewe unatikisika. Bukavu wanakumbuka tetemeko la tarehe 3 Mwezi wa 2, 2008. Goma wanakumbuka siku zenye zilifuata kulipuka kwa Nyiragongo tarehe 22 Mwezi wa 5, 2021, wakati udongo ulitikisika mara nyingi muchana na usiku na kuta zikapasuka. Kitu chenye kinashikwa vibaya ku ukuta hakingojee mutu akiguse.

Ndani ya ule ukuta kuko nini

Plako ni jasi, ule unga mweupe wa plasta, wenye kubanwa katikati ya makaratasi mawili magumu. Ile ya kawaida inaitwa BA13: iko na unene wa 12.5 mm na upana wa 1.20 m. Inafungwa kwa visi ku nguzo za chuma zenye mafundi wanaita monta. Monta iko na umbo la herufi C: upande mumoja wa mbavu umefungwa, upande wa pili uko wazi. Yenye inatumikishwa sana ni ya 48, maana mugongo wake uko na 48 mm. Uso wake wenye kugusa plako uko na 35 mm hivi. Chini ku simenti na juu ku plafo kunapita reli za chuma zenye kushika zile monta zisimame. Kisha unapiga plako ingine upande wa pili. Ukuta muzima unafika 7 cm tu, na katikati yake ni hewa, ao pamba ya kupunguza sauti, pamoja na nyaya za umeme.

Watu wakisikia "chuma", wanafikiri ni chuma kama cha mulango wa garaje. Hapana. Monta nyingi ziko na unene wa 0.6 mm. Ile ni nyembamba kuliko karte ya banki. Imekunjwa ndiyo sababu inasimama. Lakini ukiikata kipande na kukishika mukononi, unaweza kukikunja na vidole.

Hapo ndipo shida yote inatokea. Kama unaingiza visi ya 5 cm ndani ya ubao wa kalitusi, meno yake yote yanauma mbao kuanzia juu mpaka chini. Kama unaingiza ile visi moja ndani ya monta, yenye kushika ni jino moja ao mawili tu, juu chuma kinaisha mara moja na nyuma yake ni hewa. Visi ya vile inabeba vizuri muzigo wenye unashuka chini, lakini haipendi muzigo wenye unaivuta inje. Tena ukiikaza kupita kiasi, inazunguka bure: tundu limekuwa kubwa, na haitashika tena.

Plako yenyewe iko na nguvu ndogo zaidi. Kanuni za kazi zenye mafundi wa Ufaransa wanafuata, na kwetu plako nyingi inawekwa kwa ile mutindo, zinagawanya mambo hivi: kitu chepesi mpaka kilo 10 kinaweza kushikwa na plako peke yake, kuanzia pale mpaka kilo 30 inaomba shevi za chuma zenye kufunguka nyuma ya plako, na zisikaribiane, kupita kilo 30, muzigo lazima uende ku monta ao ku mbao zenye ziliwekwa ndani ya ukuta. Lakini angalia: zile hesabu ni za kitu chenye kinalala karibu na ukuta, kama picha ao kabati ndogo. Televizyo yenye mukono wa kuvuta haimo mule.

Na kuko kosa lenye linarudi-rudi. Ku soko, ukisema unataka shevi ya televizyo, wanakupatia ile ya plastiki, ya kijivu ao ya rangi ya machungwa. Ile ilitengenezwa juu ya simenti na matofali: inapanuka na kubana tundu lenye liko gumu. Ndani ya plako hakuna kitu kigumu cha kubana. Itashika siku ya kwanza, hata juma la kwanza. Fundi atakuambia, "Papa, hii itashika tu," na kwa siku ile anasema kweli. Lakini jasi inavunjika polepole na kuwa unga kuzunguka ile shevi, na siku moja yote inatoka pamoja, shevi, visi na televizyo.

Kilo ni zilezile, lakini mukono unazizidisha

Bei ya chuma cha kupachika televizyo inafanya watu wachague bila kufikiri. Kuko namna tatu: kile chenye kulaza televizyo karibu na ukuta, kile chenye kuinamisha kidogo, na kile chenye mukono wa kukunja, wenye unavuta televizyo inje na kuigeuza upande wa meza ao wa kitanda. Cha tatu ndicho kinapendeza watu. Ku ukuta wa plako, ndicho kibaya zaidi, na hesabu yake ni rahisi.

Tuchukue televizyo ya kilo 15. Chuma chenye kufungwa ku ukuta kiko na visi za juu zenye ziko 20 cm kutoka ku makali yake ya chini. Kama televizyo imelala, uzito wake uko karibu 6 cm kutoka ku ukuta. Zidisha 15 kwa 6, gawanya kwa 20: visi za juu zinavutwa inje na nguvu ya kilo 4 na nusu. Ile ni kidogo. Sasa vuta mukono mpaka 50 cm. Zidisha 15 kwa 50, gawanya kwa 20: kilo 37 na nusu. Televizyo haikuongezeka hata gramu moja, lakini visi zinavutwa zaidi ya mara nane. Na hatukuhesabu uzito wa mukono wenyewe, wenye pia ni chuma.

Mutoto wa kilo 25 akining'inia ku ule mukono sawa vile ku tawi la mwembe, ongeza kilo 62 na nusu. Visi za juu sasa zinavutwa na kilo 100. Hakuna plako yenye itavumilia ile, na monta ya 0.6 mm pia itafunguka.

Ndiyo sababu maoni yetu yako wazi: ku ukuta wa plako wenye haukutayarishwa, chagua chuma chenye kulaza televizyo, cha upana mukubwa wenye unafika ku monta mbili. Mukono wa kuvuta uache kwa ukuta wa matofali, ao kwa plako yenye ilijengwa na mbao ndani. Mutu wa hoteli mwenye anataka televizyo igeuke upande wa kitanda, afazali aweke meza ndogo.

Kwa habari ya uzito, usitegemee macho. Televizyo za leo ziko nyepesi kuliko zile za zamani zenye mugongo murefu: ya puse 32 inakuwa na kilo 4 mpaka 6, ya 43 inaenda mpaka kilo 10 hivi, ya 65 inapita kilo 20. Uzito unaandikwa ku karto ao ku karatasi yenye kubandikwa nyuma. Puse, kwa wenye wanauliza, ni 2.54 cm, na inapimwa kwa mushazari, kutoka pembe mpaka pembe.

Kutafuta monta bila kuvunja ukuta

Plako iko na upana wa 1.20 m. Juu ya ile, fundi anasimamisha monta kila 60 cm, ao kila 40 cm kama anataka ukuta wenye nguvu zaidi, ili kila pembe ya plako ianguke katikati ya monta. Ukipata monta moja, ingine iko 60 ao 40 cm pembeni. Karibu na mulango na dirisha hesabu inavurugika, juu kule wanaongeza zingine.

Kifaa cha kutafuta ni cha bei ndogo: sumaku. Ile ya bafle yenye ilikufa ni muzuri sana, juu iko na nguvu. Ifunge ndani ya kitambaa ili isichubue rangi, kisha ipitishe polepole ku ukuta kwa mustari wa kulala. Pahali inavutwa, weka alama ya kreyo. Rudia juu zaidi na chini zaidi. Kama alama zinapangana katika mustari wenye kusimama, ile ni monta. Kama iko alama moja tu pekee yake, inaweza kuwa kisanduku cha priza ao kitu kingine. Usiku, mwangaza wa telefone yenye umelaza karibu na ukuta unaonyesha pia vichwa vya visi chini ya rangi, vyenye viko kila 30 cm hivi.

Haitoshe kujua monta iko upande gani. Inaomba kujua katikati yake. Uso wake uko 35 mm tu, na ukitoboa ku makali yenye yako wazi ya ile herufi C, chuma kitakunjamana. Chukua musumari mwembamba, pahali penye televizyo itafunika. Gonga kidogo: ukisikia chuma kinakataa, uko juu ya monta. Sogea nusu sentimetre upande wa kuume, tena nusu, mpaka musumari uingie bure ndani ya hewa. Fanya vile upande wa kushoto. Katikati ya zile pande mbili ndipo unatoboa. Vitundu vidogo vya musumari havitaonekana na mutu.

Jambo moja lenye mafundi wapya hawajue: pahali plako mbili zinakutana, kila moja inagawana nusu ya monta, na katikati ya monta ndipo kuko ufa wenye kufunikwa na utepe. Kutoboa pale kunavunja pembe za plako zote mbili. Utaitambua juu kuko mistari miwili ya visi yenye kukaribiana. Kama unaweza kuchagua, fuata monta yenye iko katikati ya plako, si yenye iko ku muungano.

Umeme: hapa ndipo mutu anaweza kufa

Nyaya za umeme zinapita ndani ya ule ukuta, na monta ziko na matundu yenye yalitobolewa mbele juu ya kuzipitisha. Ndani ya ukuta wa matofali, ukitoboa waya, unapata cheche na dijonktere inaanguka. Ndani ya ukuta wa plako kuko hatari ya zaidi: visi yenye imegusa waya inagusa pia monta, monta inagusa reli, reli inagusa monta zingine zote. Mifupa yote ya ukuta inapata umeme, pamoja na kile chuma cha televizyo. Katika nyumba yenye waya wa udongo ulifungwa vizuri, dijonktere itakata. Katika nyumba nyingi za kwetu ule waya hauko, ao uko ku priza tu lakini haushuke popote. Hapo hakuna kitu kinakata. Ukuta unangoja mutu mwenye kuwa na mikono ya maji.

Watu wanasema, "Tutoboe sasa, umeme umeenda." Hapana! Umeme kwenda si kusema umekatwa. Unaweza kurudi wakati meshi iko ndani ya ukuta. Tena nyumba zenye inverteri na batri, ao zenye kusaidiwa na panneau za jua, zinaendelea kuwa na umeme ndani ya kuta hata kama muji muzima uko giza. Shusha dijonktere ya nyumba, zima inverteri, zima grupe, na mutu mumoja asimame pale ili mwengine asikuje kuiwasha. Perseze ya batri inafaa sana kwa kazi hii.

Kisha angalia priza na viwashio, pande zote mbili za ukuta, ndani ya chumba chako na ndani ya chumba cha jirani. Fundi mwenye kujua kazi anapitisha waya kwa mustari wenye kusimama ao wenye kulala kutoka ku priza. Kwa hiyo usitoboe juu kabisa ya priza wala chini yake kabisa, wala katikati ya priza mbili zenye ziko ku kimo kimoja. Wote hawafuate ile kanuni, wengine wanapitisha waya mushazari juu ya kuokoa metre mbili; ndiyo sababu kushusha dijonktere hakubadilishwe na kitu kingine.

Kisha kazi kumalizika na umeme kurudi, gusisha turnevisi ya kupimia umeme ku chuma cha televizyo mbele mutu yeyote hajakigusa na mukono. Ikiwaka taa, shusha dijonktere tena na uite fundi wa umeme.

Namna ya kufunga

Kama ukuta ungali unajengwa, una bahati. Mwambie fundi, mbele hajafunga plako ya pili, aweke ubao ao tripleksi ya 18 mm katikati ya monta mbili, pahali televizyo itakuwa, na aufunge na visi ku monta zote mbili. Ile inaomba nusu saa na kipande cha mbao. Piga picha na telefone, metre ikiwa imelazwa pale, ili siku moja ujue mbao iko kimo gani. Wenye wanajenga kliniki ao hoteli wangefanya vile katika kila chumba, hata kama bado hawana televizyo. Baada ya kufunga ukuta, ile kazi inakuwa bei ingine kabisa.

Kama ukuta ulikwisha kufungwa, kuko njia mbili zenye tunaona ni za kuaminika.

Ya kwanza ni bulo yenye mabawa. Ni bulo ya chuma yenye kuwa na kipande chenye kinalala wakati kinapita ndani ya tundu, kisha kinasimama nyuma na kukumbatia. Siri yake hapa ni kuipitisha ndani ya plako na ndani ya uso wa monta pia, ili mabawa yafunguke nyuma ya chuma. Hapo haitegemee tena jino moja la visi. Inashika chuma kwa upana. Toboa kwanza na meshi ndogo ya 3 ao 4 mm, meshi ya chuma, perseze ikienda polepole na bila kugonga, juu kugonga kunapasua plako. Kisha panua mpaka kipimo chenye kimeandikwa ku pakiti ya bulo. Kama tundu ni la 12 mm na uko katikati kabisa, kunabakia zaidi kidogo ya 11 mm ya chuma kila upande, ile inatosha. Usifanye matundu mawili yenye kukaribiana ku monta moja, utakuwa umeikata. Na pima urefu wa bulo: ndani kuko nafasi ya 48 mm tu. Yenye kuwa ndefu sana itasukuma plako ya jirani kutoka nyuma, na jirani ataona ncha yake inatokea ndani ya chumba chake.

Njia ya pili ni ya wakati chuma cha televizyo kiko cha 40 cm ao chini na monta ziko mbali 60 cm. Watu wengi wanafunga upande mumoja ku monta na upande wa pili ku plako tupu. Usifanye vile, upande wa plako ndio utaanza kuachia. Chukua tripleksi ya 18 mm ao ubao mugumu kama libuyu, wa 80 cm kwa 50 hivi, uufunge juu ya ukuta ukifunika monta mbili. Tia visi za kujitobolea chuma kila 8 ao 10 cm ku monta zote mbili, na bulo za mabawa mbili ku kila monta upande wa juu. Sasa muzigo unagawanyika ku visi nyingi, na kile chuma cha televizyo kinafungwa ku mbao, yenye meno ya visi yanajua kushika. Paka ile mbao rangi ya ukuta. Kwa maoni yetu ndiyo njia ya muzuri zaidi ku nyumba zetu, juu vyombo vyake vinapatikana ku kila soko na haiombe fundi wa ajabu.

Upande wa televizyo kazi ni fupi. Matundu ya nyuma yanapangwa kwa vipimo vyenye viliwekwa na VESA: 75 kwa 75 mm, 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400 na vingine. Ndogo zinaomba bulo za M4, kubwa M6 ao M8. Usilazimishe bulo ndefu: inaweza kufika ku mashini na kuua ekra. Ikikataa kuingia, tia rondeli ao tafuta ya mufupi. Kama chuma kina visi ndogo chini ya kufungia televizyo isiruke, usiitupe ku karto. Wakati wa tetemeko, ndiyo inazuia televizyo kuruka kutoka ku ndoano zake.

Kimo: ndani ya nyumba, katikati ya ekra iwe sawa na macho ya mutu mwenye kukaa ku kiti, metre moja mpaka 1.10 m hivi. Kule juu karibu na plafo ni kwa nganda na kwa salle za kuangalia mupira, pahali watu wanasimama. Na wenye nganda wajue kwamba bafle kubwa zinatikisa ukuta wa plako kila usiku. Bulo zao zinaomba kukazwa mara kwa mara.

Bidon mbele ya televizyo

Mbele ya kutundika televizyo, tundika maji. Bidon ya manjano ya litre 20 ikijaa iko na kilo 20 na kidogo. Kwa televizyo ya kilo 10, funga bidon moja ku chuma na kamba. Kwa ile ya kilo 15 ao 20, funga mbili. Piga mustari mwembamba wa kreyo kuzunguka chuma, weka watoto mbali na ile chumba, na uache mpaka asubui. Kama kesho chuma kingali ku mustari wake na hakuna nafasi yenye imefunguka katikati yake na ukuta, weka televizyo. Kama kimeshuka hata milimetre mbili, ao plako imepasuka kama utando wa buibui kuzunguka bulo, toa yote.

Usifanye hata ile majaribio ku plako yenye ilipata maji. Kama mabati yanavuja, ao upande wa pili ni bafu, na ukiona alama ya manjano ao karatasi inavimba, ile jasi imekuwa laini hata kama leo imekauka. Ibadilishwe kwanza. Na kama hukupata monta, ao ukuta unatikisika wote wakati unaisukuma na mukono, weka televizyo ku meza ya chini, nzito, yenye miguu minene, na ufunge mukanda kutoka nyuma ya televizyo mpaka ku meza. Hakuna haya. Kuko watu wanaona ku ukuta ndiyo maendeleo, lakini televizyo yenye iko chini inaonyesha mupira uleule.

Wenye wanapanga wazungumuze na mwenye nyumba mbele, si baada. Matundu manne ya 12 mm yanaweza kula kipande cha garanti yako. Mwambie ni matundu mangapi na namna utayaziba, na kama anakubali, iandikwe ku karatasi ya kupangisha. Siku ya kutoka, fungua bulo. Mabawa yatabakia nyuma, yasukume yaanguke ndani ya ukuta. Kata karatasi yenye imeinuka kuzunguka tundu, bandika kipande cha utepe wa plako, pitisha andui mara mbili ukiacha ikauke katikati, sugua na papie ya vere, kisha paka rangi ya ukuta muzima, juu rangi ya kipande itaonekana tu.

Mwezi mumoja kisha kufunga, na kila mara udongo ukitikisika kwa nguvu, pitisha mukono nyuma ya televizyo na ukaze bulo zenye zimelegea, kwa turnevisi ya mukono, si na perseze.